Mbwa Mnene wa Symphorien

Siku nilipomwona Symphorien kwa mara ya kwanza, alikuwa amembeba mbwa mgongoni, na mbwa yule hakuwa mgonjwa. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1951. Nilikuwa nimeketi kando ya njia inayoingia kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Pinga, nikishona wavu wa kuwindia uliopasuliwa na nguruwe. Akatokea kwenye kona mwanamume mrefu wa miaka kama thelathini, kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, viatu mkononi ili visiingie vumbi, na mgongoni kitenge kilichofungwa vile wanawake wanavyofungia watoto. Begani mwake kilitokeza kichwa cha mbwa mdogo.

"Kaka, kwa Papa Nestor ni wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Mimi si mtu wa maneno mengi mbele ya wageni, lakini kitenge kile kilinishinda.

"Imbwa iko na kidonda?"

"Apana. Amechoka."

Akaendelea na njia. Mbwa amechoka! Mbwa wa msituni, wa aina yetu ile isiyobweka, yenye mkia uliojikunja, aliyezaliwa ili akimbie kutwa nzima na kengele ya mti shingoni. Nililirudia neno lile kimoyomoyo mpaka nikamaliza kuziba tundu la wavu.

Papa Nestor alikuwa baba yangu mkubwa, na mgeni alikuja kumwomba binti yake Emérita. Walikuwa wameonana Pinga, kwenye Misa ya Pasaka. Wazee wakaketi, pombe ya ndizi ikaletwa, nami nikakaa nyuma karibu na mlango. Siwezi kusema Symphorien alisalimu vibaya. Alisalimu vizuri sana, kwa mikono miwili, akiinama. Kisha mbwa akalialia kidogo. Symphorien akatoa kwenye mfuko wa shati kisanduku cha kiberiti, akakifungua, akatoa kipande cha sukari nyeupe, akampa mbwa. Mbwa akatafuna, akalialia tena. Akampa cha pili, halafu cha tatu. Akakifunga kisanduku na kukirudisha mfukoni.

Mwaka ule, kijijini kwetu sukari ilijulikana na watu waliowahi kulazwa hospitalini, basi. Mama Annonciata, mamake Emérita, alikitazama kile kisanduku kikiingia mfukoni kama mtu anayetazama mlango ukifungwa mbele yake. Hakuna mtu aliyepewa hata chembe.

Papa Nestor akakohoa. "Mwanangu," akasema, "nifasirie vizuri. Ni wewe njo unakuja kuoa, ao ni hiyo imbwa?"

Watu wakacheka. Symphorien naye akacheka, tena yeye ndiye aliyecheka mwisho. Hakujua kwamba amechekwa. Katika miaka yote niliyomfahamu hakujua hata mara moja.

Akaanza kutueleza. Alikuwa amefanya kazi miaka sita Kirolirwe, boyi wa mezani katika nyumba ya mzungu mwenye ng'ombe. Madamu wa nyumba alikuwa na mbwa aliyeitwa Bijou. Kila magharibi, baada ya chakula, Bijou aliketi chini, akatoa mguu wa mbele kama anayesalimu, na Madamu akampa kipande kimoja cha sukari.

"Kimoja tu!" Symphorien akasema, na uso wake ulionyesha uchungu wa kweli. "Gunia nzima iko mu depo, lakini imbwa inapata kamoja. Imbwa inamuangalia, yeye anafunga sanduku. Bazungu beko na uchoyo!"

"Na wewe?" Papa Nestor akauliza. "Walikuwa wanakutilia sukari mu chai?"

"Mimi? Apana. Mimi nilikunywaka vile vile."

Jambo hilo halikumwuma. Miaka sita alikunywa chai chungu bila kinyongo, na miaka sita alimhurumia mbwa. Alipoondoka alitafuta mbwa wake mwenyewe, akampa jina lile lile la Bijou, akaapa kwamba huyu hatapungukiwa na kitu. Hapo nilimwelewa. Alikuwa amesimama miaka sita mbele ya meza ya watu akiona jinsi mbwa anavyofundishwa kwa kipande kimoja, akaondoka na sukari, kipimo akakiacha pale pale mezani.

Sasa niseme desturi yetu, maana kila kitu kilichofuata kilitegemea hapo. Mbuzi wa mahari waliletwa na wajomba wake siku chache baadaye. Ilibaki nyama ya ukweni. Mwanamume anayeoa kwetu analeta mnyama mmoja wa msituni aliyekamatwa na mbwa wake mwenyewe. Siku ya kuleta, mama mkwe anapasua mnyama mbele ya watu, anakata kipande cha ini, anampa mbwa kwa mkono wake. Mbwa akila, basi koo mbili zimekula pamoja, na binti anatoka usiku ule ule kwenda kwa mumewe. Mbwa asipokula, hakuna ndoa. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia mbwa asiyekula. Wazee wenyewe walikuwa hawajawahi. Tangu lini mbwa akakataa ini?

Papa Nestor akampa muda mpaka mvua za mwaka uliofuata. Akamwambia pia, bila kumficha, kwamba kulikuwa na mwindaji wa upande wa Walikale aliyekuwa ameomba binti yule yule, na kwamba mtu huyo ameambiwa angoje.

Emérita alimtaka Symphorien. Sijui kwa nini. Labda ni kaptula ile. Alikuwa msichana mwenye akili, mkulima hodari, mwenye ulimi mkali, na alimtaka mtu aliyembeba mbwa mgongoni. Alisema mbele ya mama yake kwamba asipoolewa na huyo ataolewa kwa kulazimishwa, na yule wa Walikale aje na kamba.

Symphorien akajenga kibanda karibu na kijito chetu. Papa Nestor akaniita, kwa kuwa mimi nilifuga mbwa, akasema, "Mufundishe shemeji yako. Imbwa iko na sura ya kuwinda. Yeye njo hana."

Niliona haya kumfundisha mtu aliyenizidi miaka na aliyekaa na wazungu. Lakini nilimwambia, nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilimwambia mbwa wa kuwinda hula mara moja kwa siku, jioni, na hashibi. Asubuhi ya kuwinda hali kitu. Mnyama akikamatwa, pale pale alipoanguka, damu ikiwa bado na moto, unakata kipande cha pafu au ini, kama kidole gumba, unampa mbwa mkononi. Kimoja, kisha basi. Hicho ndicho kinachomfundisha kwa nini alikimbia. Ukimpa viwili, cha pili kinafuta cha kwanza. Ukimpa kabla hajakimbia, umemlipa kwa kukaa.

Symphorien alinisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa. Mkono wake wakati huo ulikuwa chini ya kinywa cha mbwa, na mbwa alikuwa akila karanga.

"Nimesikia, shemeji," akasema. "Nitafanya vile. Lakini angalia kwanza. Bijou! Bonjour!"

Mbwa akaketi, akanipa mguu. Symphorien akampa ndizi mbivu.

"Umeona akili?"

Nilikuwa nimeona mbwa aliyelipwa ndizi nzima kwa kuinua mguu mmoja.

Hivyo ndivyo miezi ilivyopita. Ndizi, karanga, viazi vitamu vilivyopakwa mawese. Rafiki zake wa zamani walipopita kutoka Masisi walimletea sukari, na mara nyingine maganda ya jibini yaliyotoka kwenye meza za wazungu, magumu kama kwato. Yeye mwenyewe alikula sombe tupu, majani ya muhogo, na maganda akampa mbwa. Mbwa akiketi, alipewa. Akisimama, alipewa kwa kuwa amesimama. Akijamba, Symphorien alisema tumbo linamwuma, akampa kitu cha kulituliza. Bijou alinenepa hata kamba ya kengele yake ikaongezwa mara mbili. Mbavu zilipotea. Mkia ule uliojikunja ulikaa juu ya matako yake kama kifungo juu ya mto wa kulalia. Watoto walikuja kumtazama. Wanawake waliokwenda kuteka maji walimwuliza Symphorien kila asubuhi:

"Papa Bijou, mutoto ameamuka muzuri?"

"Ameamuka muzuri, asante."

"Na mimba yake? Mwezi gani sasa?"

"Ni dume, mama," aliwajibu, kwa upole, akidhani hawajui.

Nami nilikuwa na mbwa jike aliyeitwa Nyamaza. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya kijito. Symphorien alipomwona aliumia moyo. Alinivuta kando siku moja, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wa Serikali wa kutunza wanyama wakipita wanaweza kunifunga. Mimi! Nyamaza alikuwa amekamata mboloko wanne, wale swala wadogo wa msituni, mwaka ule. Wa kwake alikuwa hajakamata hata nzi.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata Emérita alinisubiri njiani nikitoka shambani.

"Kaka, umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia namna gani? Na kinywa, ao uliangalia chini ukasema na udongo?"

Nikaangalia chini.

"Aya. Nitamwambia mwenyewe."

Na alimwambia, mbele yangu, amesimama ng'ambo ya ua kwa kuwa haikufaa aingie.

"Symphorien, unanipenda?"

"Sana, Emérita. Unajua."

"Hiyo imbwa ikikosa kukimbia, mimi nitalala kwa muntu mwingine. Umenisikia? Si imbwa njo itaenda Walikale. Ni mimi."

Akalia, yule mwanamume. Alilia machozi yakashuka mpaka kidevuni, akamwapia kwa Mungu kwamba tangu siku ile ni vipande viwili tu kwa siku. Emérita akarudi kwao amefurahi. Nami, kwa kuwa nilikaa karibu, niliona jinsi kiapo kilivyotunzwa. Kila Bijou alipoamka usingizini, kwa Symphorien ilikuwa siku mpya. Na mbwa mnene hulala mara nyingi.

"Viwili tu," aliniambia, akinionyesha vidole. "Nimemwahidia bibi yangu."

Ningeweza kumwambia Emérita. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba haya ni mambo ya wachumba.

Mwezi wa saba tulitoka kuwinda mara ya kwanza kwa ajili ya nyama yake. Watu wanane, nyavu zimetandwa chini ya mteremko, Symphorien na mimi juu na mbwa. Kengele za mti hujazwa majani ili zisilie njiani. Ukifika unayatoa na kumwachia mbwa, na kwa kuwa mbwa wetu hawabweki, ni kengele inayokueleza anakokwenda. Nikamwachia Nyamaza kamba kidogo, nikamzuia, kwa kuwa haikuwa siku yake. Symphorien akatoa majani kwenye kengele ya Bijou, akambusu kichwani, akasema, "Kwenda, mwanangu."

Kengele ikalia hatua kama hamsini. Kisha ikanyamaza.

"Amekamata!" Symphorien akapiga kelele. "Amekamata!"

Tukashuka mbio. Bijou alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mti, ulimi nje. Alipotuona aliinua mguu wa mbele. Mboloko mmoja alikuwa amelala chini ya kichaka hatua kumi kutoka pale. Aliruka, akapita katikati yetu, akaenda zake. Wale waliokuwa kwenye nyavu walituambia baadaye kwamba walidhani tunapigana, kwa vicheko walivyosikia. Hata mimi nilicheka. Symphorien hakucheka. Alipiga magoti, akaushika ule mguu ulioinuliwa, akatafuta kitu mfukoni.

"Anaogopa," akatueleza. "Mulimukimbilia wote."

Tukatoka tena mara mbili. Sitaeleza, ilikuwa vile vile, ila mara ya tatu mbwa alibebwa kurudi.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Masisi. Papa Nestor akasema wiki moja imebaki. Mtu wa Walikale alituma ndugu yake kuja kusalimu, na ndugu huyo alikaa siku mbili bila kusema amekuja kwa nini.

Asubuhi ya siku ya mwisho tulitoka wawili tu, Symphorien na mimi, kwa kuwa wengine walikuwa wamechoka kucheka. Nilimchukua Nyamaza. Bijou hakufika hata kwenye mteremko. Alilala njiani, tukamwacha pale, tukaenda kutanda wavu wangu chini ya mteremko. Tulipofika juu Symphorien aliniangalia.

"Shemeji. Achia yako."

Nilijua anachotaka. Nikatoa majani kwenye kengele ya Nyamaza. Alishuka kama maji. Kengele ikazunguka, ikapanda, ikarudi, na kabla jua halijafika utosini mboloko dume alikuwa wavuni na meno ya Nyamaza yalikuwa shingoni mwake. Nikachomoa kisu ili nimpe kipande chake cha kidole gumba.

"Usimupe," Symphorien akasema. "Watamuona damu mu kinywa. Nakuomba. Umupanguse."

"Ni haki yake."

"Nitamupa mimi. Kesho nitamupa nyama kilo nzima!"

Kilo nzima, kesho. Alikuwa bado hajaelewa kitu. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu na alikuwa analia tena, nami sijui kumkatalia mtu anayelia; natamani tu aondoke. Nikampeleka Nyamaza kijitoni, nikamwosha kinywa. Alinitazama. Alikuwa amekimbia, alikuwa amekamata, na bwana wake alikuwa anamwosha kinywa. Tuliporudi njiani Symphorien alichovya vidole kwenye jeraha la mboloko, akampaka Bijou damu mdomoni. Bijou akakunja pua, akajipangusa kwenye majani. Ikabidi apakwe mara ya pili.

Uwanja wa Papa Nestor ulikuwa umejaa watu alasiri ile. Sherehe haikutegemewa tena, kwa hiyo furaha ilikuwa kubwa. Emérita alisimama kwenye mlango wa mama yake amejifunga kitambaa kipya kichwani. Alimwangalia mboloko, akamwangalia Bijou, akaniangalia mimi. Nikaenda kumfunga Nyamaza nyuma ya nyumba.

"Imbwa gani ilikamata?" Papa Nestor akauliza, kama desturi inavyotaka.

"Bijou, Tata!" Symphorien akajibu haraka. "Angalia kinywa!"

Papa Nestor akageuka kwangu. "Ni vile?"

Niliangalia chini. Watu walinizoea hivyo, hakuna aliyeshangaa. Papa Nestor alingoja kidogo, kisha akampa mkewe kisu.

Mama Annonciata akapasua. Akatoa ini, akakata kipande, akakiweka kwenye kiganja, akachutama mbele ya Bijou. Nakumbuka ini lile lilivyong'aa. Mbwa yeyote wa bonde lile angekula na kidole juu yake.

Bijou alinusa. Akageuza uso. Maisha yake yote alikuwa hajaonja nyama mbichi, wala hajawahi kuwa na njaa hata ya kupata hamu. Mama Annonciata akasogeza mkono. Bijou akarudi nyuma hatua moja, akaketi, akamtazama usoni, akainua mguu. Bonjour.

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alikuwa amechutama kwenye vumbi mbele ya watu wote, mkono umenyooka, na mbwa wa mkwe wake alikuwa anamsalimu akingoja apewe kitu kizuri zaidi.

"Ngoja, mama," Symphorien akasema, akijipapasa mifuko. "Ngoja, tutatia kidogo na..."

Na pale pale, mbele ya wazee, akachomoa kile kisanduku cha kiberiti. Alitaka kuweka sukari juu ya ini.

Mkono wa Mama Annonciata ukateremka. Ini likaanguka chini. Sikumwona Nyamaza akija. Kamba aliyoitafuna ilikuwa inaburuta nyuma yake. Alipita katikati ya miguu ya watu, akaliokota ini lile, akameza, akasimama kuwatazama watu mmoja mmoja kwa utulivu. Kisha akaja kuketi mbele yangu.

Papa Nestor alimtazama Nyamaza, akamtazama yule aliyeinua mguu. Alikuwa mwindaji tangu utoto. Hakuhitaji kuuliza tena.

"Mbuzi watarudi kesho," akasema. "Wote. Ule moja aliyezaa atarudi na mutoto wake."

Emérita hakulia. Alivua kile kitambaa kipya kichwani, akakikunja mara nne, akaingia ndani. Kabla mvua hazijashika sawasawa alikuwa amekwenda Walikale. Papa Nestor hakunisemesha mimi mwezi mzima, na hiyo ilikuwa haki yangu. Nyamaza naye, nilipotoka kuwinda na kumtolea majani kwenye kengele, alikaa kwanza akanitazama kabla ya kushuka. Wiki mbili alifanya hivyo.

Symphorien aliondoka asubuhi iliyofuata. Alipita mbele ya wavu wangu na mbwa mgongoni, kitenge kimekaza kifuani kwa uzito. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kijitoni hawakumwuliza mtoto ameamkaje. Hata kumdhihaki walichoka.

Nilimwona mara moja tu tena, mwaka 1958, sokoni Masisi. Nilikuwa nimemsindikiza ndugu yangu hospitalini. Symphorien alikuwa boyi tena, katika nyumba nyingine, ametumwa kununua mayai. Kaptula ilikuwa bado nyeupe. Alinikumbatia mbele ya watu, nikaona haya.

Akanieleza jinsi Bijou alivyokufa, miaka minne nyuma. Meno yalikuwa yameoza, kisha macho yakaingia ukungu, kisha miguu ya nyuma ikakataa. Mwishoni alikuwa anahema hata akiwa amelala. Symphorien alimnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko mpaka siku ile ya mwisho, na maziwa aliyaweka sukari. Alinisimulia hayo kwa fahari, mayai kikapuni, machozi yakishuka mpaka kidevuni kama zamani. Alikuwa amemwua mbwa mzuri wa msituni polepole, kwa mkono wake, kwa muda wa miaka mitatu, na alikuwa anangoja nimsifu. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka saba. Nikaangalia mayai.

"Na Emérita?" akauliza.

Nikamwambia ana watoto watatu. Mume wake ni mtu mkimya, na nyumba yao haikosi nyama. Sikumwambia kwamba Emérita hacheki tena kama zamani, kwa kuwa hakustahili kulisikia hilo, na kwa kuwa angelifurahia.

Alifikiri kwa muda, akibadilisha kikapu mkono. Nilidhani hatimaye ameelewa. Miaka yote ile, nilidhani, na sasa atasema neno moja la mtu mzima. Akanishika bega.

"Ukimuona, umwambie mimi sikumukataa, shemeji," akasema. "Imbwa njo ilikataa."